Una .30-06 tayari: bunduki ya pili iwe 9.3x62, .375 au .416?

Kwenye kambi yetu ya uwindaji, upande wa Ziwa Mburo, Uganda, lugha ya jioni ni Kiswahili. Mfuata nyayo ni Mkaramojong, mpishi ametoka Arua, dereva ni Mnyankole wa Kiruhura, na mimi nimekulia Bombo. Pasipo Kiswahili kila mtu angekula kimya. Jioni moja, moto umeshika vizuri, kijana tunayemfundisha kazi ya kuongoza wageni aliniuliza: "Mzee, mimi nina .30-06 tu. Nikipata nafasi ya bunduki ya pili, nichukue ipi?" Namba kama hiyo ni jina la kaliba, yaani aina ya risasi ambayo bunduki inapiga.

Kabla sijafungua mdomo, kila mtu alikuwa na jibu lake. Dereva alitaja .300 Winchester Magnum, kwa sababu mgeni mmoja alikuja nayo na akaisifu siku saba mfululizo. Mfuata nyayo alisema .458, kwani yeye ndiye anayetangulia kichakani na hataki aliye nyuma yake ashike kitu chepesi. Mpishi akasema yoyote itakayomletea bega la mnyama lisilojaa damu iliyoganda.

Nilimwambia kijana asubiri kesho, maana swali hili halijibiwi kwa sentensi moja. Jibu nililompa nimeliandika hapa, nikaongeza mengine niliyoyakumbuka baadaye. Nimelijenga juu ya .30-06 kwa kuwa ndiyo bunduki ya kwanza ya watu wengi, lakini mwenye .308, .270 au 7x57 asome bila wasiwasi: sote tumeanzia kundi moja.

Ya kwanza inaishia wapi

Watu wengi huanza kwa kuuliza bunduki gani ni nzuri. Ungeanza kwa kuuliza bunduki uliyo nayo inashindwa wapi, kwa sababu kazi ya ile ya pili inaanzia hapo.

.30-06 ilipokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, na ile "06" mwishoni ndiyo mwaka wenyewe. Kichwa chake, yaani kile kipande cha risasi kinachoruka, cha gramu 11.7, kinatoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 820 kwa sekunde. Kwa wanyama wetu, hiyo inatosha karibu kote. Swala pala, ambaye wazee wanasema ndiye aliyeipa Kampala jina lake, hafiki kilo 80. Kobu, yule Waganda wanayemwita ensunu na ambaye yumo kwenye nembo ya taifa letu, dume lake lina kama kilo 95. Tohe, pongo, ngiri, nyamera, kongoni, wote wanalala kwa risasi moja ikipita mahali pake. Kuro anapita kilo 200 na ana moyo mgumu wa kufa, lakini ukitumia kichwa imara kisichopasuka vipande, .30-06 inamtosha. Hata pofu, mnyama mzito kuliko ng'ombe wa Ankole, amepigwa nayo mara nyingi akalala, mradi risasi ni nzuri na mwindaji amengoja asimame ubavu.

Umbali nao si tatizo letu. Kwenye migunga ya Mburo mara chache utafyatua zaidi ya mita 150. Nzohe wa kwenye mafunjo anasubiriwa juu ya jukwaa la miti, na anapotokea unakuwa umeshapima kila pengo kwa macho tangu alfajiri. Kwenye nyanda za kobu unaweza kufika mita 200 na zaidi kidogo. Popote hapo .30-06 haijapungukiwa.

Inaishia kwa mbogo. Dume la nyati lina kilo 500 hadi 800 hivi, ngozi ya shingo na bega ni nene, na mbavu zake ni pana, zimekaribiana kama mbao za ukuta. Risasi ya .30-06 inaweza kumuua mbogo. Tatizo ni kwamba kuua si sawa na kusimamisha. Mbogo aliyejeruhiwa haendi mbali. Anaingia kichakani, anageuka, anatazama njia aliyopita. Ukimkuta ni hatua kumi na tano, na hapo unahitaji risasi inayovunja mfupa na kuendelea ndani hata ikimpata kwa pembe mbaya. .30-06 haikutengenezwa kwa dakika hiyo.

Kuna mtu atataja Bell. Najua, kwa sababu hutajwa kila mara, na jina lake limefungamana na nchi yetu: W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi akaitwa "Karamojo". Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa .275 Rigby, ambayo ni 7x57 kwa jina la Kiingereza, kaliba ndogo kuliko .30-06. Hayo ni kweli. Lakini Bell alichora kichwa cha tembo kwa kukipasua na msumeno ili ajue ubongo ulipo, alitumia risasi ngumu zisizofunguka, alikuwa na shabaha ambayo wengi wetu hatutaipata hata tukizaliwa tena, na aliwinda wanyama ambao wengi wao hawakuwahi kusikia mlio wa bunduki. Tembo wetu leo hawawindwi, na mbogo wa leo anajua harufu ya gari. Mtu anayemtaja Bell ili anunue bunduki ndogo kwa ajili ya nyati anachukua nusu ya habari.

Usinunue jirani wa bunduki yako

Ndiyo maana nilimkatalia dereva wetu, ndugu yangu mpendwa, na .300 yake. .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963 inarusha kichwa kilekile cha gramu 11.7 kwa kasi ya mita 900 hivi badala ya 820. Kwenye milima wazi ambako watu hupiga mita 400 tofauti hiyo ina maana. Kwetu inakupa kelele zaidi, teke kubwa zaidi na nyama iliyoharibika zaidi kwa mnyama aliyesimama mita 120. Mbogo haoni tofauti.

.308 kama ya pili ni vibaya zaidi. Inatumia vichwa vilevile, inafanya kazi ileile, na inaleta hatari: risasi yake ni fupi, na mtu mwenye haraka anaweza kuisukuma kwenye chemba (tundu la mtutu inamokaa risasi) ya .30-06 na bolti, komeo lake, ikafunga. Ukifyatua, ganda linaweza kupasuka karibu na uso wako. Bunduki mbili kwenye gari moja ni vizuri risasi zake ziwe tofauti kiasi kwamba hata gizani kidole kinajua. Ya .375 ukiishika huwezi kuidhania .30-06.

Namba kando ya namba

Hizi ni namba za risasi za kawaida za kiwandani, nimezikadiria. Watengenezaji hutofautiana kidogo.

| Kaliba | Mwaka | Kichwa | Kasi mtutuni | Nishati |
|---|---|---|---|---|
| .30-06 (unayo) | 1906 | gramu 11.7 | 820 m/s | jouli 3,900 |
| 9.3x62 | 1905 | gramu 18.5 | 720 m/s | jouli 4,800 |
| .375 H&H | 1912 | gramu 19.4 | 770 m/s | jouli 5,750 |
| .416 Rigby | 1911 | gramu 25.9 | 725 m/s | jouli 6,800 |
| .458 Winchester | 1956 | gramu 32.4 | 640 m/s | jouli 6,600 |

Tazama miaka. Isipokuwa ya mwisho, zote zilizaliwa ndani ya miaka saba, wakati Wazungu walipokuwa wakitawala bara hili, na ukiondoa .30-06 ya jeshi la Marekani, kila mmoja alikuwa akitafuta bunduki ya kumfaa mtu wake huku. Zimedumu zaidi ya miaka 100 kwa sababu zinafanya kazi.

Usizitazame jouli peke yake. Nishati ya karatasini haimwangushi mbogo. Kinachomwangusha ni kichwa kizito, chenye kipenyo, kinachobaki kimoja na kuingia ndani moja kwa moja. Namba zina faida nyingine, ya kisheria. Namibia, kwa mfano, imeandika kima cha chini cha jouli 5,400 kwa nyati, na Tanzania inataka .375 kwenda juu kwa wanyama hatari. Kama una ndoto ya kuvuka mpaka na bunduki yako siku moja, mstari huo unapita katikati ya jedwali: .375 iko upande wa pili, 9.3x62 imebaki upande huu.

.375 H&H

Nianze na ninayoipenda, msomaji ajue nimesimama wapi.

Holland & Holland wa London waliitoa .375 mwaka 1912. Ganda lake lina mteremko mrefu tangu kitakoni hadi shingoni, limenyooka kama kipande cha muwa kilichochongwa. Umbo hilo ndilo linaloifanya iteleze kuingia chembani na kutoka bila kukwama, hata kwenye joto la saa nane mchana na vumbi la Karamoja ndani ya bolti. Mtu ambaye hajawahi kuhitaji risasi ya pili kwa haraka huona hilo ni jambo dogo.

Kinachoifanya iwe mwenzi wa .30-06 hasa ni njia ya risasi angani. .375 yenye kichwa cha gramu 19.4 inaruka karibu sawa na .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7. Ukizipanga zote mbili zipige katikati mita 200, zikifika mita 300 tofauti ya kushuka ni sentimita chache tu. Maana yake, jicho lako lililozoea .30-06 halihitaji kujifunza upya. Umetoka asubuhi kwa mbogo, njiani anatokea kuro mzuri mita 180, huna haja ya kurudi garini kubadilisha bunduki. Wala usiogope kwamba itamchana kobu: risasi yake inakwenda taratibu kuliko unavyodhani, inatoboa na kupita. Mpishi wetu amekiri kwamba nyama ya .375 mara nyingi ni safi kuliko ile ya .300.

Kwa mbogo, desturi tunayoifuata ni kichwa laini kilichoundwa kisipasuke vipande kwa risasi ya kwanza, kisha ngumu zisizofunguka zikifuata kwenye magazini. Ya kwanza inafunguka na kukaa ndani. Za nyuma ni za mbogo anayekimbia amekupa makalio, ambapo unataka risasi ipite urefu wote wa mwili. Usianze na ngumu kundi likiwa limesimama pamoja. Itampita huyo wako na kumjeruhi mwingine ambaye hukumwona, na sasa una mbogo wawili kichakani na kibali cha mmoja.

Kasoro zake zipo. Risasi yake nzima ina urefu wa milimita 91, kwa hiyo inataka bunduki yenye mtambo mrefu (sehemu inayopokea risasi na kuifunga), ambayo ni nzito na ghali. Magazini mara nyingi hubeba tatu au nne tu. Risasi zenyewe bei yake iko juu ya .30-06. Na teke lake, katika bunduki ya kilo nne na kidogo, ni karibu mara mbili ya lile ulilolizoea. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo linalowashinda watu wengi.

9.3x62

Hii huku kwetu haizungumzwi sana, na naona imeonewa. Fundi wa bunduki wa Berlin, Otto Bock, aliibuni mwaka 1905 kwa ajili ya Wajerumani waliokuwa katika makoloni ya Afrika, Tanganyika ikiwemo. Walitaka kaliba ya kuua nyati na tembo, lakini hawakuwa na fedha za bunduki za Kiingereza za mitutu miwili. Bock akatengeneza risasi inayoingia kwenye mtambo wa kawaida wa Mauser 98, ileile ya jeshi. Bunduki ikawa nafuu, nyepesi, na magazini inabeba tano.

Hiyo ndiyo sifa yake hadi leo. Risasi ya 9.3x62 ina urefu wa milimita 84 hivi, karibu sawa na .30-06, kwa hiyo bunduki yake inaweza kuwa mwili uleule, uzito uleule, bolti ileile unayoijua. Teke lake liko katikati, kubwa kuliko la .30-06, dogo kuliko la .375, na wengi husema ni la kusukuma kuliko la kupiga. Kichwa chake cha gramu 18.5 ni kirefu na kinaingia ndani sana. Ukimweka mbogo aliyepigwa na 9.3 kando ya aliyepigwa na .375, mahali palepale na kwa kichwa cha ubora uleule, sidhani mchinjaji angeweza kukwambia ipi ni ipi.

Basi kwa nini siiweki ya kwanza? Sababu ya kwanza ni ule mstari wa kisheria niliousema. Ya pili ni risasi. Ukifika kambi yoyote ya uwindaji Afrika na sanduku lako la risasi limepotea uwanja wa ndege, utampata mtu mwenye .375 wa kukuazima, mradi vibali vyenu vinaruhusu. Mwenye 9.3 utamtafuta. Kwa mtu ambaye hatavuka mpaka, ana mwili mdogo, au mabega yake yameanza kuzeeka, na ana mahali pa uhakika pa kupata risasi, mimi ningempa 9.3x62 bila kusita.

.416 Rigby, na .458 ya mfuata nyayo

.416 Rigby, ya kampuni ya Uingereza ya jina hilo, ilitoka 1911. Ganda lake ni kubwa mno kwa baruti linaloibeba, na ilikusudiwa: baruti ya zamani, kodaiti, ilichemka vibaya kwenye joto la tropiki na kupandisha shinikizo hadi maganda yakanata chembani. Rigby wakaacha nafasi kubwa ndani ili shinikizo libaki chini. Baruti za leo hazina tabia hiyo sana, lakini ganda lile bado linatoka kwa urahisi hadi leo.

Inafanya kazi gani kuliko .375? Kusimamisha. Kichwa cha karibu gramu 26 kikimpata mbogo anayekuja, utaona kwenye magoti yake. Mwindaji bingwa ambaye kazi yake ni kusimama nyuma ya mgeni na kurekebisha makosa ya mgeni ana haki ya kuibeba, na kama wewe ndiye unayeingia kichakani kufuata damu mwaka mzima, isome sehemu hii mara mbili. Lakini teke lake ni karibu mara tatu ya .30-06, risasi zake ni ghali zaidi ya .375, na kwa wanyama wengine wote ni kama kupasua karanga kwa nyundo ya mhunzi. Ni bunduki ya kazi moja.

.458 ni hivyohivyo na zaidi. Ni nzuri kwa umbali wa kuonana macho, lakini kichwa chake kinashuka haraka, na ukiwa nayo kwenye uwanda wa kobu umebeba mzigo. Mfuata nyayo wetu ana sababu yake na siibezi. Nilimwambia tu kwamba ningetaka aliye nyuma yake ashike .375 aliyoizoea, apige mahali pake, kuliko .458 anayoiogopa.

Bega, jicho na mkono

Hapa ndipo watu wanapopotea, nami nilipotea pia. Bunduki yangu kubwa ya kwanza niliipima kwa risasi mbili, nikaiona nzuri, nikaenda nayo kwa mbogo. Risasi ilipita juu ya mgongo wake kwa kiganja kizima. Nilikuwa nimefumba macho. Sikujua, hadi rafiki alipoweka risasi ya bandia kwenye magazini bila kuniambia, nikaona mwenyewe mtutu ukiyumba kabla ya kufyatua.

Teke la bunduki si kaliba peke yake. Kitako kikiwa kirefu, bunduki inakaa mkononi badala ya begani. Kikiwa kifupi, kidole gumba kinakupiga pua. Bunduki nyingi zilikatwa kwa vipimo vya mwili wa Ulaya, na sisi wengine si warefu hivyo. Fundi mwenye msumeno mzuri na pedi ya mpira anaweza kukutofautishia mambo yote. Darubini nayo: ile ya kukuza mara 3 hadi 9 unayoitumia kwenye .30-06 usiihamishie juu ya .375. Tafuta ya kuanzia 1, yenye nafasi kubwa kati ya jicho na kioo, la sivyo utapata alama ya nusu duara juu ya nyusi, na utaogopa bunduki hiyo daima. Hakikisha pia inatoka haraka, kwa sababu kichakani utataka shabaha za chuma.

Kisha aina ya bunduki. Ukiweza, nunua ya pili ya ukoo uleule na ya kwanza. Mwenye Brno ZKK 600 ya .30-06 ana dada yake kamili, ZKK 602 ya .375: bolti ileile, mkono unajua njia. Kwa Brno za zamani angalia pia kizuizi cha usalama, maana baadhi yake kinakwenda kinyume na bunduki nyingine, mbele kufunga na nyuma kufungua. Mtu mwenye bunduki mbili zenye vizuizi vya kupingana, siku ya mbogo kidole kitachagua kibaya.

Karatasi na risasi

Uwindaji wa kitalii Uganda ulisimamishwa mwaka 1979, ukarudi kwa majaribio 2001, kuanzia mashamba ya mifugo yanayozunguka hifadhi ya Ziwa Mburo. Leo unasimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na haki ya kuwinda ni ile ya daraja A kati ya haki za kutumia wanyamapori. Hakuna kaliba inayokupa haki ya kumpiga mnyama asiyekuwa kwenye kibali chako, na sheria hiyo kwa wanyama walio hatarini kutoweka inafika hadi kifungo cha maisha. Bunduki yenyewe ni mambo ya polisi, chini ya Sheria ya Silaha ya 1970: kila bunduki na cheti chake. Kwa hiyo kaliba ya pili ni faili la pili. Usilipe bunduki kabla hujajua utaielezaje kwenye ombi. Ombi la .375 kwa mtu mwenye .30-06 linaeleweka lenyewe, maana kazi ni mbili tofauti. Ombi la .308 juu ya .30-06 ni gumu kulieleza, na ofisa akikuuliza "ya nini?" atakuwa na haki.

Kabla ya kuamua, ulizia risasi kwa wanaoruhusiwa kuziuza. Uliza si kama wameshawahi kuwa nazo, bali kama wanazo sasa, na za kichwa gani. Nunua za sanduku moja na toleo moja, za kutosha kupima shabaha na kubaki na akiba. Bunduki yenye risasi sita nyumbani ni pambo la ukutani.

Na wanaotaka kushuka badala ya kupanda?

Wapo, hasa wenye mashamba, wanaofikiri juu ya .243 au .223 kwa taya, yule swala mdogo, na wanyama wengine wadogo. Sitakaa hapa sana. Taya ana kilo 15 hadi 20, na ni kweli .30-06 yenye kichwa laini sana inamharibu. Lakini jaribu kwanza kichwa kigumu zaidi kwenye bunduki uliyo nayo. Kinatoboa tundu dogo na kuacha nyama. Kama baada ya hapo bado unataka ndogo, chukua .243, ina nafasi kubwa ya kazi kuliko .223. Ila kama siku moja utasimama mbele ya mbogo, mpangilio ni mbogo kwanza, taya baadaye.

Kijana wetu

Nilimpeleka kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, mwenye bunduki akiwa pamoja nasi, na .375 tukaiweka juu ya fito tatu za kuegemeza bunduki, tukiwa tumesimama, si kwenye meza. Meza na gunia la mchanga ni vya kupima bunduki. Huongeza teke kwa sababu mwili hauwezi kuyumba. Risasi ya kwanza ilipiga vizuri. Ya tatu ilikwenda kushoto kwa mkono mzima, na nilimwona akifumba macho.

"Mzee, hii si yangu," akasema. "Nitafute ile ya Mjerumani."

Nikamwambia aishike tena, bila risasi. Shavu lake lilikuwa mbele sana, karibu na kioo, na kiwiko chake kilinyooka kama anayesukuma mlango. Kitako kilikuwa kirefu kwake kwa vidole viwili. Mwenye bunduki alikuwa na kitako kingine kifupi nyumbani, cha mwanawe. Wiki iliyofuata tulirudi, tukakifunga, tukasogeza darubini mbele. Nilimwekea bunduki ndogo ya .22 asubuhi nzima, kisha .375 risasi tano tu, nikamwambia inatosha. Siku ya tatu alipiga nane, sita zikiingia ndani ya kifuniko cha sufuria mita 80, na zile mbili za nje alizijua kabla sijatazama.

Ombi lake la cheti limeandikwa .375. Jana ameniuliza fundi gani anaweza kumkatia kitako bila kukipasua, na kama pedi ya mpira ya kahawia ni sawa au atafute nyeusi.